Kuwinda ni marufuku, lakini nani alisema tuusahau uta?

Tafuta kwenye YouTube jinsi ya kuchonga uta na simu yako itakuletea video za kukesha nazo. Kijana yuko msituni peke yake, hana muziki, haongei. Anakata mti, anauchonga taratibu, anasokota kamba, kisha anavuta na kuachilia. Mshale unatua, tu! Video za aina hiyo hutazamwa na mamilioni ya watu, wengi wao wakiwa wamejibana kwenye matatu au wamelala kwenye nyumba za kupanga, mbali kabisa na msitu wowote.

Mbona kitu cha kale hivi kinawavuta watu wenye dunia nzima kwenye kiganja cha mkono? Sisi Wakenya tuna sababu ya ziada ya kuuliza. Hapa kwetu uta ni wa zamani kuliko bunduki, lakini siku hizi tukiusikia kwenye taarifa ya habari, mara nyingi ni habari za wizi wa mifugo au mapigano ya mashamba. Upande wake wa pili, ule wa ufundi na uwindaji, umebaki kwa wazee wachache.

Mti ndio unaoamua

Hebu tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu mvuto wa uta unaanzia hapo.

Uta wa mti mmoja unaonekana rahisi: fimbo na kamba, basi. Ngoja ujaribu. Kwanza unatafuta tawi lililonyooka, lisilo na fundo nyingi. Katika maeneo mengi ya Afrika Mashariki watu wamependa mkole, mti ambao matawi yake hukunjika bila kuvunjika. Ukishakata, unaliweka tawi kivulini likauke, na hiyo inaweza kuchukua miezi. Samaki mkunje angali mbichi, lakini uta ukiukunja ungali mbichi utabaki umejikunja hivyo hivyo, na mshale utaanguka miguuni pako.

Likishakauka, unashika panga au shoka dogo, halafu kisu. Upande wa nje wa uta, ule unaotazama unakolenga, hauguswi sana. Huo ndio unaovutwa uta ukikunjwa, na ukikata nyuzi zake za mti umeshaandaa mahali pa kupasukia. Unapunguza upande wa ndani, ule unaokutazama wewe, ambao hubanwa uta ukikunjwa. Upande mmoja unavutwa, mwingine unabanwa, na nguvu inayohifadhiwa katikati ya mvutano huo ndiyo inayomrusha mshale.

Kisha inakuja sehemu inayowatoa watu jasho. Mikono miwili ya uta lazima ikunjike sawasawa. Fundi anavuta kidogo, anatazama, anakwangua pale palipo pagumu, anavuta tena. Ukikwangua kupita kiasi huwezi kurudisha. Uta uliokula wiki nzima unaweza kulia ‘kra!’ dakika ya mwisho ukabaki na kuni. Hapo huna wa kumlaumu wala kitufe cha kurudi nyuma.

Kiswahili nacho kimetunza msamiati mzima wa kazi hii, ingawa wengi wetu tuliusoma shuleni kwa ajili ya mtihani tu. Kamba ya uta ni upote. Mti wa mshale ni wano. Chuma cha mbele ni kigumba. Mkoba wa mishale ni podo, au ziaka. Watu hawalipi kila kipande jina lake kama kitu hicho hakikuwa na maana kwao.

Waata na uta wa pauni 100

Ukitaka kujua ufundi huu ulifika wapi nchini mwetu, lazima utaje Waata. Majirani na wazungu waliwaita Waliangulu. Ni jamii ndogo inayoishi katika bara la Pwani, kuanzia pande za Kilifi hadi Tana River na karibu na Tsavo, na walijulikana kote kwa jambo moja: kuwinda ndovu kwa uta.

Mata yao hayakuwa mchezo. Yalihitaji nguvu ya zaidi ya pauni 100 kuvuta, yaani zaidi ya kilo 45 kwenye vidole vichache. Ili upate picha, mata ya wanaolenga shabaha kwenye Michezo ya Olimpiki kwa kawaida huwa kati ya pauni 40 na 50.

Lakini nguvu peke yake haimwangushi ndovu. Kigumba kilipakwa sumu nyeusi iliyochemshwa kwa saa nyingi kutoka kwa mti wa msungu. Akamba, ambao nao ni wapiga mishale wa kupigiwa mfano, wanaiita ivai. Mwaka 1888 mwanakemia Mfaransa Léon-Albert Arnaud alitenga kiini cha sumu ya aina hii, na jina lake, wabaini, linatokana na neno la Kisomali la sumu ya mishale. Inasimamisha moyo, na haichagui kati ya moyo wa ndovu na wa binadamu.

Jambo la kustaajabisha zaidi ni umbali. Mwindaji wa Kiata alisogea hadi hatua chache kutoka kwa mnyama wa tani kadhaa. Ili afike hapo, ilimbidi ajue upepo unatoka wapi, nyayo ni za saa ngapi, kundi linakunywa maji wapi na mama mwenye mtoto yuko upande gani. Bunduki inakuruhusu kuwa mjinga kutoka mbali. Uta hauruhusu. Nadhani hapo ndipo penye mvuto wenyewe: chombo kinachokulazimisha kukijua unachokifuata.

Siku uta ulipogeuka kosa

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilitangaza Mbuga ya Kitaifa ya Tsavo. Ardhi ambayo Waata waliwinda kwa vizazi ikawa na mpaka, na aliyekuwa mwindaji jana akaamka leo akiitwa jangili. Kati ya 1956 na 1957 ilifanyika operesheni kubwa ya kuwasaka, iliyoongozwa na walinzi wa mbuga kama Bill Woodley na David Sheldrick. Wengi walikamatwa na kufungwa.

Tuseme ukweli wote. Waata hawakuwinda kwa ajili ya nyama pekee. Wafanyabiashara wa pembe walikuwa wakinunua, na ndovu wengi waliuawa. Hata hivyo, baadhi ya maafisa waliona kwamba kuwafunga watu hawa wote si jibu. Mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana, uliosimamiwa na Ian Parker, ambao ulikusudia kuwapa Waata nafasi ya kuwinda kihalali na kwa kiwango. Mpango huo haukudumu jinsi ulivyokusudiwa.

Mwaka 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji. Leo, chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, hata kumwinda swara mmoja kwa ajili ya sufuria ya nyumbani ni kosa la kukufikisha kortini. Na marufuku hayo hayakuja bure. Makadirio yanaonyesha kuwa nchi ilikuwa na ndovu wapatao 167,000 mwaka 1973, lakini kufikia 1989 walibaki kama 16,000. Mauaji makubwa ya miaka hiyo yalifanywa kwa bunduki, si kwa mata ya Waata. Lakini mlango ulipofungwa, ulifungwa kwa wote. Mzee aliyejua kuchagua mti, kupika sumu na kusoma nyayo akawa na elimu ambayo hangeweza kumfundisha mjukuu wake bila kumtia hatarini.

Ng'ambo ya mpaka

Kuna mahali karibu ambapo uta bado unafanya kazi yake. Kaskazini mwa Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadza, watu wasiozidi elfu chache. Sehemu yao bado huishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Mtoto wa kiume hupewa uta wake mdogo akiwa na miaka mitatu hivi, na kuanzia hapo haumtoki mkononi. Vigumba vyao vingi hutengenezwa kwa msumari wa dukani uliopondwa hadi ukawa bapa.

Kama unadhani wao hula nyama kila jioni, umedanganywa na video. Mtafiti Kristen Hawkes na wenzake walipofuatilia wawindaji wa Kihadza, waligundua kwamba kwa siku 97 kati ya 100, mwindaji alirudi bila mnyama mkubwa. Siku moja ikikubali, nyama inagawiwa kambi nzima. Wanaolisha kambi siku nyingine ni mizizi, matunda na asali, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na akina mama.

Kwao pia ardhi inapungua, kwa mashamba na mifugo ya majirani. Mwaka 2011 baadhi yao walipewa hati za kimila za kumiliki ardhi katika bonde la Yaeda. Uta bila pori la kuwindia ni pambo la kuuzia watalii, na wao wanalijua hilo kuliko sisi.

Nani atamuuliza mzee?

Marekani nako kuna somo. Mwaka 1911 mwanamume mmoja aliyekuja kuitwa Ishi, wa mwisho wa watu wake wa Yahi, alitoka milimani California. Watu wake walikuwa wameuawa na kumalizwa na walowezi. Akapelekwa kuishi katika jumba la makumbusho la chuo kikuu, San Francisco. Daktari mpasuaji wa hospitali ya jirani, Saxton Pope, akawa rafiki yake. Pope alikuwa na hamu, basi. Aliketi chini, akatazama Ishi anavyochonga, akauliza, akajaribu mwenyewe.

Ishi alifariki 1916. Mwaka 1923 Pope alichapisha kitabu kuhusu kuwinda kwa uta, na kitabu hicho kikawasha moto wa hobi hii ambao haujazimika hadi leo. Miaka miwili baadaye Pope na rafiki yake Art Young walikuja Tanganyika kuwinda simba kwa mata. Kejeli iko wazi: wageni walivuka bahari kufurahia kuwinda kwa uta Afrika Mashariki, huku Waafrika waliokuwa wakiishi kwa uta wakielekea kuitwa majangili.

Lakini angalia pia upande wa pili. Ujuzi wa Ishi haukuzikwa naye, kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja aliyemuuliza.

Sasa turudi kwetu. Kuwinda hakupo, na kwa hali ya wanyama wetu sioni kwa nini kijana wa Nairobi alilie haki ya kumpiga swara. Kuchonga ni jambo lingine. Kuna wazee Ukambani, Pwani na Bonde la Ufa wanaoweza kukutazamia tawi na kukuambia papo hapo kama litavunjika. Ukienda mashambani Desemba hii, badala ya kumwonyesha babu video ya Mzungu akichonga uta, mwombe akuonyeshe yeye. Mwulize mti huo unaitwaje kwa lugha yenu, unakatwa msimu gani, upote ulisokotwa kwa nini kabla ya nailoni kuja. Rekodi. Simu unayo.

Ukipenda kulenga, mchezo upo na hauhitaji damu. Shehzana Anwar alibeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Rio 2016, na mchezo wake ulikuwa huo huo wa kulenga shabaha kwa mshale, kutoka mita 70. Anza na gunia lililojazwa nyasi, mbele ya ukingo wa udongo, pasipo mtu wala ng'ombe nyuma yake. Sumu usiiguse. Na usizunguke mjini na podo begani ukitafuta picha za Instagram, kwa sababu askari hatakuuliza kuhusu utamaduni.

Uta wako wa kwanza pengine utavunjika. Wa pili utapinda upande. Babu atacheka, kisha atakunyang'anya kisu ili akuonyeshe ulipokosea. Hapo somo limeanza.