Furaha na Faida ya Kupekua Kamusi

Watu wengi hudhani kwamba kamusi ni kitabu cha wanafunzi, na kwamba mtihani ukiisha kazi yake nayo imekwisha. Sivyo. Kamusi yamfaa kila mtu auzaye, anunuaye, asomaye barua, na hasa atiaye sahihi.

Tuseme mama mmoja ana kibanda cha nguo huko Ngara, Nairobi. Jirani yake ataka kukopa fedha, naye aombwa atie sahihi mahali palipoandikwa "mdhamini". Adhani mdhamini ni shahidi tu, yaani mtu aliyeona fedha zikitolewa. Jioni aazima kamusi ya shule ya mwanawe. Hapo aona kwamba neno hilo limetokana na "dhamini", nalo lahusu mtu akubaliye kuwajibika kwa ajili ya mwingine. Basi afahamu kwamba jirani akishindwa kulipa, huenda deni likamrudia yeye, na kibanda kikaenda nalo. Pengine atakubali hata hivyo, maana ujirani ni kitu chema. Lakini atakuwa amekubali jambo alijualo. Kamusi haikumfundisha sheria yote, lakini imempa swali la kumwuliza wakili kabla ya kushika kalamu.

Wengine hufungua kamusi, wasilione neno walitafutalo, wakakata tamaa. Kosa huwa katika namna ya kutafuta. Neno "walikopeshana" halimo katika orodha, kwa kuwa Kiswahili huvika kitenzi viungo mbele na nyuma. Viondolewe vyote, na litabaki "kopa", nalo ndilo la kutafutwa. Majina nayo hutafutwa kwa umoja wake: atakaye "nyuso" atazame "uso", atakaye "meno" atazame "jino", na atakaye "ndimi" atazame "ulimi". Alama ndogo nazo zisidharauliwe. "Ng'ara", lenye kibainishi, ni kutoa mwanga. Jina la mtaa wa Ngara huandikwa bila alama hiyo.

Lakini faida si yote. Iko na furaha. Mtu aendaye kutafuta neno moja hurudi na matano. Atafutaye "paa" la nyumba atakuta paa mnyama wa porini, kupaa angani, na kupaa samaki, yaani kumwondoa magamba. Kamusi nyingine huonyesha pia asili ya maneno. Msomaji huona kwamba "meza", "leso" na "bendera" yalitoka kwa Wareno, "gari" na "bima" kwa Wahindi, na "shule" kwa Wajerumani. Hivyo historia ya pwani na bara yasomeka katika vyombo vya nyumbani mwake.

Aliyezoea kuuliza hivyo huanza kuyauliza hata majina ya mitaa. Karibu na Ngara iko Kariokor. Jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliochukua mizigo ya jeshi la Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, ambao wengi wao hawakurudi makwao. Kariakoo ya Dar es Salaam ina asili hiyo hiyo. Watu hulitaja jina hilo kila siku wakienda sokoni, na wachache hukumbuka wapagazi hao.

Kamusi za Kiswahili zimegharimu kazi ya miaka mingi. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikusanya maneno ya kamusi iliyochapishwa London mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki, na katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Kamusi yake ya Kiswahili kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1935, na ile kubwa ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1939. Kisha mwaka 1981 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo imetolewa upya zaidi ya mara moja.

Anunuaye kamusi iliyokwisha kutumika, kama zile ziuzwazo kando ya barabara mjini, yafaa atazame kwanza mwaka wa kuchapishwa. Ya zamani ni hazina ya maneno yaliyosahauliwa, lakini maneno mapya hayamo. Akiisha kuipata, asiiweke juu ya kabati. Na asome neno moja kila jioni, pamoja na watoto wake, na lile lililo jirani nalo. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Na kamusi ni mzee asiyechoka kuulizwa.