Baiskeli Msimu wa Kipupwe: Tahadhari Zaidi Iwe Kwenye Mteremko

Msimu wa kipupwe, unaodumu kuanzia Juni hadi Agosti, huleta baridi kali katika Nyanda za Juu Kusini, hususan Njombe na Makete, ambako baadhi ya maeneo hupata sakitu. Hata hivyo, baridi hiyo haimlazimu mwananchi kuacha baiskeli. Kinachotakiwa ni kuelewa namna mwili unavyopoteza joto.

Anapopanda mlima, mwendeshaji hutoka jasho na kuhisi joto. Anapoteremka, miguu hupumzika, kasi huongeza upepo, na nguo iliyolowa jasho humpoza haraka. Vidole vikifa ganzi, hukawia kukaza breki, na ajali huweza kutokea.

Hivyo, inashauriwa kuvaa nguo nyepesi kadhaa badala ya koti moja zito, kufungua zipu wakati wa kupanda na kuifunga kabla ya kuteremka. Sweta la sufu hufaa kuliko fulana ya pamba, kwa kuwa pamba ikilowa huchelewa kukauka. Glavu zisikosekane, na penye ukungu taa ziwashwe mbele na nyuma.

Kwa aliyejiandaa hivyo, asubuhi ya kipupwe huwa ya kufurahia, si ya kuhofia.