Gemu za Zamani, Mwanga wa Kioo na Kifafa

Mwezi huu tuingie kwenye kibanda cha gemu. Siku hizi mtu hahitaji mashine ya zamani ya Nintendo au Sega. Kompyuta au simu yenye programu ya kuigiza mashine hizo, iitwayo emuleta, inatosha. Kwa mzazi wa Makongolosi, sawa na wa Mbeya mjini, swali ni moja: je, mtoto wangu atadhurika?

Gemu hazipofushi macho. Huyachosha na kuyakausha, kwa kuwa mchezaji husahau kupepesa. Hatari kubwa zaidi ni mwanga wa kumetameta. Tarehe 16 Desemba 1997, huko Japani, katuni ya Pokémon ilionyesha mwanga mwekundu na wa buluu ukipishana kwa kasi, kama mara 12 kwa sekunde. Watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitali, baadhi wakiwa wameanguka na kukakamaa.

Kati ya watu 100 wenye kifafa, 3 hivi huamshiwa ugonjwa na mwanga wa namna hiyo, hasa watoto na vijana. Kwa hiyo fungua mipangilio ya video, ufanye hivi:

1. Programu kama RetroArch ina chaguo la kuingiza picha nyeusi kati ya picha na picha ili mwendo uonekane safi. Chaguo hilo huweza kufanya kioo kimetemete. Lizime.

2. Acha picha katika uwiano wake wa zamani wa 4 kwa 3. Usiipanue ijaze kioo chote, kwani picha kubwa hujaza macho kwa mwanga.

3. Punguza mwanga wa kioo, kisha washa taa chumbani. Giza huongeza makali ya mwanga.

4. Mtoto akae mita 2 au zaidi kutoka kwenye luninga, na kila dakika 20 atazame mbali. Mwenye usingizi asicheze.

Mipangilio hii haiondoi mimweko iliyomo ndani ya gemu yenyewe. Mwenye kifafa amwone daktari kwanza, wala asiache dawa zake. Akijisikia vibaya, azibe jicho moja kwa kiganja na kugeuka asitazame kioo.

Je, mtoto akianguka? Mwondolee vitu vya hatari, mweke kitu laini chini ya kichwa, mlaze ubavu. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Ikizidi dakika 5, mkimbize hospitali.

Ndugu zetu, povu la mgonjwa haliambukizi kifafa. Wapo walioungua motoni kwa sababu majirani waliogopa kuwagusa. Siku ikitokea kibandani, usikimbie. Msaidie mtoto.