Bibi Mwenye Ndege za Nairobi

Ninyi mkaao Bariadi na kandokando ya mto Simiyu, bila shaka mmekwisha kuona eropleni ikipita juu, hata watoto wachungao wakaisahau kazi yao na ng'ombe wakaingia shambani. Lakini ni wachache wajiulizao: mwenye chombo kile ni nani, na fedha za kukirusha hutoka wapi? Twapenda kuwaeleza habari za mjane mmoja Mwingereza aliyeifanya kazi hiyo katika nchi zetu hizi.

Jina lake ni Bibi Florence Kerr Wilson, naye alikaa Kenya. Mumewe alifariki mwaka 1928. Mwaka uliofuata alitoa fedha zake akaanzisha mjini Nairobi kampuni iliyoitwa Wilson Airways. Rubani wake, tena mshauri wake, alikuwa Tom Campbell Black. Chombo chao cha kwanza kilikuwa Gipsy Moth, ndege ndogo ya injini moja, yenye nafasi ya rubani na abiria mmoja tu.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo. Mwenye lori la pamba ajua kuwa lori likilala halileti kitu, na huku dereva adai mshahara. Ndege ni vivyo hivyo, illa gharama yake ni kubwa zaidi: hata isiporuka, fundi na rubani hula, na banda lataka kodi. Tena watu wa kukodi ndege hawana siku maalum. Leo wapo, kesho hawapo. Kwa sababu hii kampuni za zamani zilitamani sana kazi ya Posta. Mfuko wa barua hauahirishi safari, wala haulalamiki kwa baridi ya juu.

Kazi hiyo ilimjia Bibi Wilson kwa njia ya ziwa letu. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza safari za kutoka London hata Mwanza. Barua zilifika kwa siku kama kumi. Kutoka Khartoum zilichukuliwa na ndege zitelemkazo juu ya maji, na Ziwa Victoria likawa ndilo uwanja. Wilson Airways nayo ikazipeleka barua hizo kutoka Nairobi kwenda Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Twakiri kuwa mkulima wa Usukuma hakupanda ndege hizo. Nauli ilikuwa ya matajiri.

Campbell Black alirudi Uingereza, na mwaka 1934 yeye na mwenzake C. W. A. Scott walishinda mashindano ya kuruka hata Melbourne, Australia, kwa muda usiotimia siku tatu. Miaka miwili baadaye alikufa huko Liverpool: ndege nyingine iliigonga yake ikiwa ardhini.

Kampuni yenyewe haikuangushwa na hasara. Vita vilipoanza mwaka 1939, Serikali ilitwaa ndege na marubani, na kampuni ikafungwa. Mwaka 1946 kazi hiyo ilishikwa na East African Airways, mali ya serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, iliyodumu hata 1977. Uwanja wa zamani wa Nairobi ulipewa jina la Wilson mwaka 1962, na hata leo ndege za madaktari huondoka pale kwenda kuwachukua wagonjwa walio mbali.