Geji Mpya ya Joto Katika Gari Kuukuu: Nani Mwongo, Geji au Injini?

Leo hatusemi juu ya mbegu wala mbolea. Tunasema juu ya chombo kinachobeba jasho lako: trekta la kijiji, Land Rover ya zamani, au lori dogo linaloshusha ndizi na mboga kutoka miteremko ya Mlima Meru mpaka soko la Tengeru, au Kilombero mjini Arusha. Vyombo vya namna hii mara nyingi geji yake ya joto ilikufa zamani. Mwenye gari hununua mpya, fundi huifunga, kisha maneno huanza. Mara mshale haupandi, mara unaruka mpaka juu kabla injini haijawashwa, mara unasema injini inaungua na kumbe rejeta imetulia tuli.

Hapo mtu anaweza kupotea kwa njia mbili. Anaweza kuiamini geji mbovu akafungua injini nzima bure. Au anaweza kuidharau geji nzima, akasema, "Aa, hiyo ni mpya, bado haijazoea," akaendelea kupanda mlima. Siku maji yakiisha kweli, silinda hedi hupinda, gasketi huungua, na mboga huozea barabarani. Kwa hiyo usiiamini wala usiidharau. Ipime kwanza.

GEJI INAVYOFANYA KAZI

Geji ya umeme ina sehemu mbili. Moja ni ile saa yenye mshale kwenye dashibodi. Ya pili ni sensa, kidude cha chuma kilichokazwa kwenye injini, ncha yake ikiwa ndani ya maji. Saa hupata moto kutoka kwenye swichi ya gari. Waya mmoja hutoka kwenye saa kwenda kwenye sensa, na umeme hurudi kwenye betri kwa kupitia chuma cha injini. Njia hiyo ya kurudi mafundi huiita ethi. Maji yakiwa baridi, sensa huuzuia umeme sana. Yakipata joto huuachia, nao mshale hupanda.

MSHALE HAUPANDI KABISA

Fungua swichi, lakini usiwashe injini. Chomoa waya kwenye sensa, uuguse kwenye chuma kisafi cha injini, mara moja tu, kisha uondoe. Mshale ukiruka kwenda juu, basi saa ni nzima na waya ni mzima. Ugonjwa uko kwenye sensa au kwenye ethi yake. Itazame sensa yenyewe. Huenda fundi aliizungushia utepe mwingi wa mabomba ili maji yasivuje, na utepe huo ukaikatia ethi. Utoe, safisha kutu, kaza tena injini ikiwa imepoa.

Mshale usipotikisika, chukua taa ndogo ya kupimia uone kama moto unafika kwenye saa. Kama haufiki, angalia fyuzi na waya wa kutoka kwenye swichi. Kama unafika, kagua waya wa kwenda kwenye sensa, huenda umekatika. Ukiwa mzima, saa ndiyo mbovu.

MSHALE UNARUKA JUU MARA MOJA

Chomoa tena waya wa sensa. Mshale ukishuka, sensa imekufa, au siyo ya geji hiyo. Ukibaki juu, waya umechubuka njiani na unagusa bodi. Tafuta hasa pale unapopenya kwenye bati kati ya injini na dereva.

MSHALE UNAPANDA, LAKINI UNADANGANYA

Saa na sensa ni kama kufuli na ufunguo wake. Kila mtengenezaji ana kipimo chake, kwa hiyo usibadili saa ukaacha sensa ya zamani. Tena, gari kama Land Rover Series III ina kidude nyuma ya dashibodi kinachopunguza umeme wa volti 12 uwe kama volti 10 kwa ajili ya geji zake. Geji mpya ya volti 12 ukiifunga hapo, itasema joto ni dogo kuliko lilivyo, na huo ni uongo wa hatari. Ipatie moto wake moja kwa moja kutoka kwenye swichi kwa kupitia fyuzi. Na kama lori lako ni la volti 24, geji ya volti 12 usiifunge, itaungua.

KIPIMO CHA SUFURIA

Sasa, utajuaje kwamba geji inasema kweli? Injini ikiwa imepoa, toa sensa. Chemsha maji katika sufuria kando ya gari, mbali na petroli na betri. Tumbukiza ncha ya sensa, bodi yake ukiifunga kwa waya kwenye chuma cha injini, na ule waya wake wa kawaida ukiurefusha uifikie. Fungua swichi, usubiri mshale utulie.

Hapa angalia sana, ndugu mkulima. Kule Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100. Lakini mji wa Arusha uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda kama mita 300, maji huchemka mapema kwa nyuzi moja hivi. Hapa kwetu basi huchemka kwenye nyuzi 95. Juu zaidi mlimani, kwenye mita 1,800, ni kama nyuzi 94. Geji ikisoma 95 mjini Arusha, usiitupe, inasema kweli. Kama ina herufi tu, weka alama kwenye kioo pale mshale ulipotulia.

Jambo hilo linatufundisha la pili. Injini nyingi hufanya kazi kwenye nyuzi 80 mpaka 90. Mfuniko mzima wa rejeta hushikilia msukumo, na maji hayachemki upesi. Lakini ukiziba rejeta kwa kitambaa au gunzi la mahindi, maji yatachemka kwenye 95 ileile. Umebakiwa na nyuzi chache tu, na mlima uko mbele yako.

GEJI IKIWA NZIMA

Ikishapimwa, iheshimu. Mshale ukipita pale pa kila siku, simama, zima injini, ngoja angalau nusu saa. Usifungue mfuniko wa moto, wala usimwage maji baridi kwenye injini inayoungua, chuma kitapasuka. Kisha tazama maji, mkanda wa feni na mipira. Na mshale ukishuka ghafla njiani, usifurahi! Sensa hupima maji. Yakiisha, hubaki katika hewa, nayo inaweza kusema kuna baridi wakati injini inakufa. Kwa hiyo bado fungua boneti kila asubuhi, uangalie maji kwa macho yako.