Moyo Ukisimama Kwenye Foleni ya Tunduma

Mpaka wa Tunduma unafanana na uwanja mkubwa wa ndege kwa jambo moja: watu wasiofahamiana hujazana mahali padogo wakisubiri. Madereva wa malori ya shaba kutoka Zambia na Kongo, utingo wao, mawakala wa forodha, wabadilisha fedha na wafanyabiashara wa kwenda Nakonde, wote hupita kwenye kituo cha huduma kwa pamoja kilichofunguliwa na Marais Magufuli wa Tanzania na Lungu wa Zambia Oktoba 2019. Uwanja wa ndege nimeutaja kwa makusudi. Mwaka 1999 viwanja vya ndege vya Chicago vilianza kutundika ukutani mashine ndogo za kushtua moyo, zikapangwa ili mtu anayetembea haraka aifikie mojawapo ndani ya dakika moja au moja na nusu. Katika miaka miwili, watu 18 walianguka humo mioyo yao ikitetemeka ovyo badala ya kupiga, na 11 wakazinduliwa. Sita kati ya hao 11 waliokolewa na watu ambao hawakuwahi kufundishwa kutumia mashine ile, ingawa watatu katika waokoaji hao walikuwa na shahada ya udaktari. Nadhani Tunduma inastahili kuusoma ushahidi huo kwa makini kuliko miji mingi ya nchi hii.

Imani iliyoenea, na ambayo filamu zimeikuza, ni kwamba mashine hii humfufua mtu ambaye moyo wake umetulia tuli. Sivyo. Moyo huendeshwa na umeme wake wenyewe. Umeme huo ukivurugika, misuli hutetemeka bila kusukuma damu. Mshtuko huukatiza mtetemeko huo ili mapigo yapate nafasi ya kuanza upya kwa mpangilio. Pasipo mtetemeko hakuna cha kukatiza, na mashine, ikishapima kupitia vibandiko viwili vya kifuani, hukataa kutoa mshtuko na kuelekeza kifua kiendelee kukandamizwa. Kukataa huko ndiko kunakojibu hofu ya pili, kwamba raia asiyejua atamuua mtu aliyezimia tu: moyo unaopiga sawasawa haushtuliwi hata mtu akibonyeza kitufe. Nayo hoja kwamba hii ni kazi ya wataalamu ilipimwa Seattle mwaka 1999. Watoto wa darasa la sita ambao hawakuwa wameishika mashine hiyo kabla waliwekwa kwenye zoezi la sanamu. Walifika hatua ya mshtuko kwa wastani wa sekunde 90, wahudumu wa dharura kwa sekunde 67. Tofauti ni sekunde 23.

Muda ndio kiini cha hoja yangu. Kila dakika inayopita bila mshtuko wala kukandamizwa kifua, nafasi ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko Vwawa; Mbeya ni mwendo wa takriban kilomita 100. Hata zahanati ya jirani iko mbali kwa mtu aliyeanguka katikati ya malori. Dakika za mwanzo ni mali ya waliosimama karibu naye, na mara nyingi hupotea kwa kubishana: ni presha, ni kifafa, ni mapepo? Moyo ukisimama, mwili unaweza kukakamaa au kutikisika kwa muda mfupi, na mtu anaweza kukoroma kwa pumzi za kukatakata ambazo wengi huzidhania uhai. Asiyeitika na asiyepumua kawaida anahitaji mikono kifuani papo hapo: mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hivi, huku mwingine akikimbilia mashine na kuita msaada.

Pingamizi zito ni la fedha. Mashine moja huuzwa kwa dola 1,000 na zaidi, na mkoa una wajawazito na watoto wenye malaria wanaongoja huduma. Pingamizi hili ni la haki, na ushahidi wenyewe unaliunga mkono kwa kiasi. Utafiti uliotolewa 2008, wa watu karibu 7,000 waliowahi kupata shambulio la moyo, ulionyesha kwamba kuwapa mashine za kuweka nyumbani hakukupunguza vifo kuliko kuzifundisha familia zao kukandamiza kifua. Kwa hiyo sidai mashine kwa kila kijiji cha Ileje au Momba. Huko fedha iende kwenye mafunzo ya mikono. Lakini utafiti mwingine, wa 2004, ulifanyika katika karibu maeneo 1,000 ya jamii Marekani na Kanada: palipofundishwa mikono pekee walinusurika watu 15, palipoongezwa mashine, 30. Penye msongamano mashine huongeza kitu. Mpakani pana msongamano mchana na usiku.

Wapo watakaosema mashine ya mpakani itaibiwa, au itakufa kimyakimya kama vifaa vingine vya umma. Wizi huzuiwa kwa kuitundika mbele ya macho, karibu na mlinzi. Kufa kimyakimya ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu betri huisha na vibandiko vina tarehe ya mwisho hata kama havijatumika, hivyo lazima awepo mtu mmoja anayejulikana kwa jina, anayekagua taa ya mashine kila wiki na kutia saini. Foleni ikirefuka kilomita kadhaa, bodaboda aifikishe; Singapore waliwahi kuzipakia kwenye teksi. Mvua si kizuizi: mgonjwa hutolewa kwenye dimbwi na kifua kukaushwa. Na kwa kuwa nyingi ya mashine hizi huongea Kiingereza, ubao ulio juu yake uandikwe kwa Kiswahili na Kinyamwanga, lugha inayosikika pande zote mbili za mpaka, pamoja na michoro ya mahali vibandiko vinapokaa: kimoja chini ya mtulinga wa kulia, kingine ubavuni kushoto chini ya kwapa.