Tundu la Kupandia Darini katika Banda la Gari la Chama

Chama cha msingi kinapojenga ghala la pamba au la tumbaku, aghalabu huweka kando yake banda la gari, la trekta au la pikipiki. Kwa kuwa banda hilo ni dogo na limejitenga na majengo mengine, kazi yake huachiwa fundi bila maelezo mengi. Kuta hupanda, paa huezekwa na dari hupigwa. Baadaye umeme unapoharibika au bati linapovuja, ndipo hugundulika kwamba hakuna mahali pa kupandia darini. Hapo fundi hulazimika kuvunja dari, na chama hulipa mara mbili kwa kazi moja.

KWA NINI TUNDU LAHITAJIKA

Uwazi ulio kati ya dari na bati hauonekani, lakini humo mna mambo mengi. Nyaya za umeme hupita humo na panya huzitafuna. Mchwa hupanda kwa kufuata ukuta hadi kwenye kenchi, nao waweza kuila mbao kwa ndani huku uso wake ukibaki mzima. Popo hukaa humo, na kinyesi chao huiozesha dari. Moto unaoanzia katika waya uliochunwa waweza kufuka muda mrefu kabla ya mtu aliye chini kuuona. Chini ya dari hiyo limeegeshwa gari lenye mafuta, na hatua chache kutoka hapo lipo ghala lenye mazao ya wanachama, ambayo pengine hayajalipiwa. Tundu la kupandia ndilo linalowezesha hatari hizo kutambuliwa mapema.

VIPIMO

Kipimo kinachoweza kumsaidia mchoraji wa ramani kimo katika Kanuni ya Kimataifa ya Nyumba za Makazi, ambayo hutumika katika majimbo mengi ya Marekani kwa nyumba na kwa majengo madogo yanayoambatana nazo, yakiwemo mabanda ya magari yaliyojitenga. Kanuni hiyo si sheria ya Tanzania, lakini hoja zake zafaa popote. Yasema kwamba jengo ambalo dari au paa lake ni la vitu viwezavyo kuungua, kama mbao, sharti liwe na tundu la kupandia, iwapo uwazi wa darini una kimo cha inchi 30 (sentimeta 76) au zaidi katika eneo lisilopungua futi 30 za mraba, yaani karibu mita 2.8 za mraba. Tundu lenyewe lisipungue inchi 22 kwa inchi 30, sawa na sentimeta 56 kwa 76. Juu yake ibaki nafasi ya inchi 30 ili mtu aweze kuinua kichwa na mabega.

Mahali pa tundu pachaguliwe kwa makini. Lisiwe juu ya sehemu ambapo gari huegeshwa daima, wala juu ya swichi kuu ya umeme, bali pale ambapo ngazi yaweza kusimama imara. Lipangwe kati ya kenchi mbili. Mti wa chini wa kenchi usikatwe kamwe kwa ajili ya tundu, kwa sababu mti huo ndio unaozuia miguu ya kenchi isitanuke na kuzisukuma kuta nje. Kifuniko kikae sawasawa, kisiache upenyo wa panya wala popo.

DARI SI GHALA

Tundu likishapatikana, huja kishawishi cha kupandisha magunia matupu, mabomba ya dawa, na hata mahindi. Hilo ni kosa. Dari ya kawaida hushikiliwa na mbao nyembamba za inchi 2 kwa 2, ambazo kazi yake ni kubeba ubao wa dari tu. Kanuni iliyotajwa hapo juu hukadiria paundi 10 kwa futi moja ya mraba kwa dari isiyowekwa vitu, yaani karibu kilo 49 kwa mita moja ya mraba. Kwa dari ya kuwekea vitu vichache hukadiria paundi 20, karibu kilo 98. Gunia moja la mahindi la kilo 100 likilazwa halienei mita nzima ya mraba. Hivyo gunia moja tu lapita kipimo kilicho kikubwa zaidi. Hata fundi anayekagua hana budi kukanyaga juu ya kenchi, si juu ya ubao.

KIBALI NA MAFUNDI

Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, ujenzi katika maeneo ya mipango huhitaji kibali, na banda dogo halisamehewi kwa udogo wake. Wilaya ya Kahama ina halmashauri tatu, yaani Manispaa ya Kahama, Msalala na Ushetu. Kila chama kiende katika halmashauri yake kabla msingi haujachimbwa. Tundu la darini na ukubwa wake vionyeshwe kwenye ramani tangu mwanzo. Kazi ya umeme ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

MAJENGO YA ZAMANI

Banda lililokwisha kujengwa bila tundu laweza kurekebishwa, mradi umeme uzimwe kwanza kwenye swichi kuu. Lakini palipo na dari au paa la asbesto, pasikatwe wala kupigwa msumeno. Vumbi la asbesto likivutwa huleta saratani, na madhara yake huonekana baada ya miaka mingi. Hapo ushauri wa wataalamu utafutwe kwanza.

WAJIBU WA BODI

Yafaa Bodi ya kila chama iingize tundu la darini katika makisio ya ujenzi, na isipokee jengo kwa fundi kabla mtu hajapanda na kutazama. Baada ya hapo, ukaguzi ufanyike walau mara moja kwa mwaka, kabla ya msimu wa ununuzi kufunguliwa, na yaliyoonekana yaandikwe katika daftari la chama. Gharama ya kifuniko na ngazi ni ndogo mno ikilinganishwa na ghala moja la pamba kuungua.